Peni Tatu Katika Kila Pauni

Mshahara wangu wa kwanza Cardiff ulikuja na karatasi niliyoisoma mara tatu. Kwetu Unguja nilizoea kuangalia mstari mmoja tu, ule wa chini kabisa unaosema umebaki na nini. Ugenini mtu husoma kila kitu, kwa sababu bado hajajua kipi cha kuogopa. Ndipo nikaiona herufi C, imesimama mbele ya namba zangu za kodi. Rafiki zangu walio London tulipolinganisha hati zetu kwa simu, wao hawakuwa nayo. Nilidhani ni alama ya wageni. Usiku ule nililala nikiwaza nimekosea wapi.

Asubuhi msimamizi wa zamu akanitoa wasiwasi kwa neno moja: Cymru. Ndivyo Wawelshi wanavyoiita nchi yao. Herufi ile inawaambia watoza kodi kwamba mtu huyu anaishi Wales, nchi ambayo Cardiff ni mji wake mkuu, na kwamba sehemu ya kodi yake ya mapato iende kwa serikali ya Wales.

Mpango huo ulikuwa mchanga. Nilifika Agosti 2019, na herufi yenyewe ilianza kutumika Aprili ya mwaka huohuo. Serikali ya London ilipunguza peni 10 kutoka kila ngazi ya kodi ya mapato, kisha ikaliachia Bunge la Wales, ambalo huitwa Senedd, liamue litaweka peni ngapi mahali pake. Linaweza kuweka 10 zilezile, au pungufu, au zaidi. Liliweka 10. Kila mwaka tangu hapo limekuwa likiweka 10.

Mzanzibari hahitaji kuelezwa sana jambo hili. Sisi tumekulia ndani ya nchi yenye mambo ya Muungano na yasiyo ya Muungano, tuna Baraza la Wawakilishi letu na mamlaka yetu ya mapato, na tunajua kwamba kodi ya mapato imo katika orodha ya Muungano. Kwa hiyo nilipojua kwamba Wales, sehemu ya Ufalme wa Muungano, imepewa kipande cha kodi hiyohiyo ikiamulie yenyewe, masikio yalinisimama. Nilitaka kumjua aliyeisimamia hoja hiyo bungeni. Jina likawa ni la mwakilishi wa jimbo letu wenyewe la Cardiff Magharibi: Mark Drakeford.

Lakini kabla yake yupo mzee mmoja, na bila yeye nisingeielewa hadithi hii.

Nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Mzee ninayemsema amezaliwa Tredegar, mji wa makaa ya mawe katika mabonde ya kusini mwa Wales, na baba yake alikuwa mchimbaji. Jina lake nitalihifadhi. Siku moja namfunga vifungo vya sweta, nikamtajia ile herufi ya kwenye hati yangu. Akacheka kwa kikohozi chake kirefu, akasema baba yake naye alikatwa mshahara: peni tatu katika kila pauni, kila wiki, kwa ajili ya daktari.

Nikadhani amechanganya mambo, maana kumbukumbu zake hupotea na kurudi. Nilipokwenda kusoma, nikakuta mzee yuko sawasawa. Tredegar palikuwa na chama cha wafanyakazi cha matibabu. Wachimbaji na wafua chuma walichangia peni tatu za pauni ya mshahara, na chama kikaajiri madaktari, wauguzi na daktari wa meno. Karibu mji mzima ulitibiwa humo. Ni kama vyama vyetu vya kufa na kuzikana, ila wao hawakungoja mtu afe. Walichangia ili apone.

Katika mji huo alizaliwa Aneurin Bevan mwaka 1897, akaingia mgodini akiwa na miaka 13, na baadaye akakaa kwenye kamati ya hospitali iliyotegemea michango hiyo. Mwaka 1929 alikuwa mbunge wa Ebbw Vale, jirani na kwao. Alipokuwa Waziri wa Afya akaanzisha huduma ya afya ya taifa, Julai 5, 1948, matibabu bure kwa kila mtu, gharama zikitoka kwenye kodi. Wenyewe wa Tredegar hupenda kusema kwamba Bevan aliichukua desturi ya mji wao akaitandaza nchi nzima.

Kinachonivuta zaidi kwa Bevan ni alivyoondoka. Aprili 1951 Waziri wa Fedha, Hugh Gaitskell, alileta bajeti iliyowataka wananchi walipe nusu ya gharama za meno ya bandia na miwani. Fedha zilitakiwa kwa silaha, vita vya Korea vikiwa vinaendelea. Bevan alijiuzulu uwaziri. Watu wengine walimwona mkaidi: waziri mzima anaacha kazi kwa ajili ya meno ya bandia? Mimi ninayeosha meno ya bandia ya wazee saba kila usiku sioni kwamba ni jambo dogo. Mzee asiye na meno hali nyama, hali tofaa, hacheki mbele ya watu. Bevan aliona kwamba ukishaweka bei mlangoni hata kama ni ndogo, kuna mtu atakayefika pale mlangoni na kurudi.

Sasa nirudi kwa Drakeford.

Wengi tulimfahamu kwa uso wakati wa korona, maana ndipo watu hata wa Uingereza yenyewe walipogundua kwamba Cardiff kuna serikali nyingine inayotoa amri zake. Lakini alikuwepo zamani. Alizaliwa Carmarthen mwaka 1954, akafanya kazi ya kusimamia wahalifu vijana katika mtaa wa Ely, upande huohuo wa mji ninaoishi, kisha akawa profesa wa sera za jamii Chuo Kikuu cha Cardiff. Alikuwa mshauri wa Rhodri Morgan, aliyeongoza serikali ya Wales tangu 2000 hadi 2009, na ndiye aliyemwandikia ile hotuba ya Swansea ya Desemba 2002 inayokumbukwa kwa maneno kuhusu maji mekundu angavu kati ya Cardiff na London. Morgan mwenyewe hakuyatamka maneno hayo siku ile, yalibaki kwenye karatasi waliyopewa waandishi. Yakashika hata hivyo. Maana yake ilikuwa kwamba chama cha Labour cha Wales kitafuata njia yake katika huduma za umma: kila mtu apate huduma ileile, bila hospitali na shule kushindanishwa kama maduka.

Mwaka 2011 Morgan alipostaafu, Drakeford akachaguliwa katika jimbo lake. Akawa Waziri wa Afya 2013, Waziri wa Fedha 2016, Waziri Kiongozi, yaani mkuu wa serikali ya Wales, kutoka Desemba 2018 hadi Machi 2024. Natumia neno Waziri Kiongozi kwa makusudi. Kwetu Zanzibar cheo hicho kilikuwepo hadi 2010, na msomaji wa huko atajua mara moja ni uzito wa namna gani.

Nimesikiliza michango yake mingi bungeni, mingine moja kwa moja, mingine kwenye kumbukumbu za video wakati wa zamu za usiku wazee wakiwa wamelala. Anaongea polepole, kama mwalimu anayeshuku kwamba nusu ya darasa haikufanya kazi ya nyumbani. Akiulizwa kwa Kiwelshi hujibu kwa Kiwelshi. Na hoja anayoirudia, kwa sura nyingi, ni ile aliyoisema zamani mtaalamu wa sera za jamii Richard Titmuss: huduma iliyotengwa kwa ajili ya maskini peke yao huishia kuwa huduma maskini. Tajiri akiondolewa kwenye foleni, hana tena sababu ya kujali foleni inakwendaje, na hana sababu ya kuilipia.

Mfano wake wa karibu ni dawa. Tangu Aprili 2007 mtu wa Wales halipi kitu kwa dawa aliyoandikiwa na daktari. Mimi nina pumu. Nikienda duka la dawa la mtaani na cheti changu napewa dawa ya kuvuta, nasema ahsante, natoka. Rafiki yangu wa London mwenye pumu kama yangu hulipa pauni 9.90 kwa kila dawa. Nilipomweleza mama yangu haya kwa simu, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Basi mwanangu, si mnalipa kabla?" Ndivyo hasa. Tunalipa kabla, kila mmoja kwa uwezo wake, ili siku ya kuumwa asiulizwe mtu mfukoni ana nini.

Wapinzani bungeni wana hoja, na si hoja ya kupuuzwa. Wanauliza kwa nini daktari bingwa au mwenye hoteli apewe dawa bure wakati hospitali hazina fedha. Jibu la upande wa Drakeford ni kwamba huyo mwenye hoteli ameshatoa zaidi kwenye kodi, na kwamba kumchuja nani alipe na nani asilipe kunahitaji fomu, makarani na aibu ya kuthibitisha umaskini wako mbele ya kaunta. Naegemea jibu hilo. Nimewaona wazee wanaostahili msaada wakikataa kujaza fomu kwa sababu hawataki kuitwa wahitaji.

Kipindi chake kama Waziri wa Fedha, 2016 hadi 2018, ndicho ninachokiona kuwa cha thamani kubwa, na ndicho watu wanakizungumzia kidogo. Wakati huo Wales ilipokea kodi zake za kwanza baada ya takriban miaka 800. Mbili zilianza Aprili 1, 2018: kodi ya ununuzi wa nyumba na ardhi, na kodi ya taka zinazofukiwa dampo. Ikaundwa mamlaka ndogo ya mapato kuzikusanya.

Hii kodi ya ununuzi wa nyumba inaonyesha anavyofikiri. Mwanzoni alipanga kwamba nyumba ya hadi pauni 150,000 isitozwe. Novemba 2017 serikali ya London ikawafutia kodi wanunuzi wa mara ya kwanza kwa nyumba za hadi pauni 300,000. Kila mtu akamgeukia: wewe utafanyaje? Angeweza kuiga. Badala yake alipandisha kiwango cha kuanzia kutozwa hadi pauni 180,000 kwa kila mnunuzi wa nyumba ya kuishi, awe wa mara ya kwanza au la. Mjane anayehamia nyumba ndogo akapata nafuu ileile anayopata kijana aliyetoka kuoa. Tangu Oktoba 2022 kiwango hicho ni pauni 225,000, na bado hakuna fungu maalumu la wanunuzi wa mara ya kwanza. Ni uamuzi unaoweza kuupinga, lakini unaona mkono wa mtu aliyeandika ile hotuba ya 2002.

Kodi ya taka ina jambo moja nililolipenda: anayetupa taka mahali pasiporuhusiwa hutozwa asilimia 150 ya kiwango cha kawaida. Laiti kungekuwa na kitu hicho kule kwetu, kwenye mifereji ya Ng'ambo wakati wa masika.

Oktoba 2017 aliweka mezani mawazo manne ya kodi mpya kabisa, ambazo hazikuwepo popote katika ufalme: kodi ya kugharimia matunzo ya wazee, kodi ya plastiki za kutumia na kutupa, kodi ya utalii, na kodi ya viwanja vilivyoachwa bila kujengwa. Aliichagua ya viwanja itangulie, kwa kuwa ndiyo nyepesi, ili kujaribu kama mlango wa London unafunguka kweli. Sheria ilisema Wales inaweza kuomba uwezo wa kutunga kodi mpya. Ombi likapelekwa, maswali yakaja, majibu yakapelekwa, maswali mengine yakaja. Miaka ikapita. Kodi hiyo haijazaliwa.

Ya utalii ndiyo iliyofika, tena kwa njia ya uani, kwa kuwa ni kodi ya halmashauri na haikuhitaji ruhusa hiyo. Drakeford, aliyerudi Wizara ya Fedha Septemba 2024 baada ya kuacha uongozi, aliupitisha mswada wake Julai 2025. Halmashauri inayotaka itatoza pauni 1.30 kwa mtu kwa usiku hotelini, au peni 75 kambini na kwenye hosteli, kuanzia 2027. Wenye hoteli walipiga kelele kwamba wageni watakimbia. Nilitabasamu nikikumbuka Zanzibar, ambako mgeni hulipa kodi ya miundombinu kila usiku anaolala, na Nungwi hapajakauka watu. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Sasa nifike kwenye lile linaloniuma, yaani zile peni 10.

Mtu aliyetumia maisha yake akieleza kwamba huduma nzuri hulipiwa kwa kodi, alipewa mkononi mpini wa kodi ya mapato. Hakuusogeza hata peni moja, wala waliomrithi hawakuusogeza. Nimejaribu kuelewa kwa nini, na sababu zipo. Kwanza, Wales inaweza kubadili kiwango tu. Haiwezi kugusa mahali ngazi zinapoanzia, hayo yamebaki London. Pili, Wales haina matajiri wengi. Peni moja ikiongezwa kwenye ngazi ya chini inaleta zaidi ya pauni milioni 200 kwa mwaka, ilhali peni hiyohiyo kwenye ngazi ya juu yake haifikishi hata robo ya hizo. Kwa hiyo ukitaka fedha za maana unazikuta mifukoni mwa watu kama mimi, na bajeti yenyewe ni zaidi ya pauni bilioni 20, takriban nusu yake inaliwa na afya. Tatu, karibu nusu ya watu wa Wales wanaishi jirani na mpaka wa England. Mwenye kipato kikubwa anaweza kuhamisha makazi bila kubadili hata kanisa.

Mapema 2023 chama cha Plaid Cymru kilipendekeza viwango vipandishwe ili kuokoa huduma. Serikali ya Drakeford ikakataa, ikisema watu tayari wamebanwa na bei za umeme na chakula. Nilipiga hesabu yangu mwenyewe nyuma ya karatasi ya zamu. Kwa mshahara wa pauni 24,000, sehemu isiyotozwa ni pauni 12,570. Peni moja kwenye kinachobaki ni kama pauni 114 kwa mwaka. Chini ya pauni 10 kwa mwezi.

Ningeitoa. Nasema hivyo nikijua kwamba mwenzangu wa zamu mwenye watoto watatu asingeweza kuitoa kwa urahisi, na tulibishana juu yake jikoni hadi chai ikapoa. Lakini nilitaka niulizwe.

Mwanzoni mwa 2024, wiki za bajeti, nilipata Jumanne ya mapumziko nikaenda Senedd. Ni jengo la vioo na mawe meusi ukingoni mwa ghuba, hatua chache kutoka Butetown, mtaa ambao mabaharia wa Kisomali na Wayemeni waliweka makazi tangu karne ya 19. Nilipanda ghorofani, nikapewa vifaa vya masikioni vya tafsiri, nikakaa. Wajumbe wako chini yako, wameketi duara, na wewe mwananchi uko juu unawatazama kupitia kioo. Kulikuwa na bibi wawili na darasa la watoto wa shule. Watoto walikuwa wa umri wa wale wanaokula chakula cha mchana bure shuleni, mpango wa kila mtoto wa shule ya msingi waliokubaliana Drakeford na Plaid Cymru mwaka 2021.

Wapinzani walimkaba kuhusu foleni za hospitali, kama kawaida ya kila wiki. Na katika hilo hana pa kujificha. Wagonjwa wa Wales hungoja upasuaji kwa muda mrefu kuliko wa England, na chama chake kimeongoza tangu bunge hili lilipoanza mwaka 1999. Yeye hujibu kwamba fedha kutoka London zimesinyaa, na kwamba wananchi wa Wales ni wazee zaidi na wagonjwa zaidi. Ni kweli. Ila aliyekaa miaka miwili akisubiri goti hali ukweli huo.

Aprili ya mwaka huohuo gharama za daktari wa meno zilipanda Wales. Nilisoma habari hiyo nikiwa nimeshika bakuli la meno ya mzee wa Tredegar. Serikali iliyojinasibu na Bevan imefika palepale Bevan alipogoma. Sidhani Drakeford aliifurahia. Alisema hadharani kwamba bajeti ile ilikuwa ngumu kuliko zote za tangu serikali ya Wales ianze. Lakini nauliza, na ninauliza kwa moyo wote: ikiwa uko tayari kuweka bei kwenye mlango wa daktari wa meno, kwa nini usianze na ile peni tunayochangia wote?

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nadhani Drakeford alitueleza vizuri kuliko mwanasiasa yeyote niliyemsikia kilichoko mvunguni, na jinsi kilivyofika hapo. Kuinama hakutuomba.

Lililokaribia sana lilikuwa lile wazo la kodi ya matunzo, mojawapo ya yale manne. Mwaka 2018 mwanauchumi Gerald Holtham na mwenzake walitoa andiko lililopendekeza mfuko maalumu, kila mtu akichangia kwa kadiri ya kipato na umri wake, ili atakapozeeka matunzo yawepo. Drakeford alilipenda. Kikundi cha mawaziri kikalijadili. Halafu Septemba 2021 serikali ya London ikatangaza mchango wake wa afya na matunzo kwa ufalme mzima, asilimia 1.25 ya mapato, na Wales ikawa imezibwa njia. Mwaka uliofuata, waziri mkuu mwingine na waziri wa fedha mwingine, mchango ule ukafutwa. Tukabaki hatuna wa London wala wa Cardiff.

Niliitazama ile 1.25 kwa muda mrefu kabla ya kuona nilichokuwa nakiona. Pauni ya zamani ilikuwa na peni 240. Peni tatu katika 240 ni asilimia 1.25. Ni kiwango kilekile, hakijazidi wala kupungua, ambacho baba yake mzee wangu alikatwa kila wiki kule Tredegar. Wachimbaji walikipanga wenyewe kwenye mkutano wao na kikadumu miongo. Cha London hakikumaliza hata mwaka.

Sijui mtu afanye nini na jambo kama hilo isipokuwa kulisimulia. Nilimsimulia mzee. Alinitaka nirudie zile hesabu mara mbili, kisha akasema baba yake alinung'unika kila siku ya mshahara juu ya zile peni tatu, kila siku ya mshahara bila kukosa, na hakuna hata siku moja aliyosema ziondolewe.

Sitaki kuonekana sina shukurani. Aprili 2022 serikali ya Drakeford ilianza kutoa fedha ili wahudumu kama sisi tulipwe walau ujira halisi wa kuishi, ambao wakati huo ulikuwa pauni 9.90 kwa saa. Niliiona nyongeza hiyo kwenye hati ileile yenye herufi C. Nilimtumia mama hela za paa la jikoni. Nikiulizwa kodi inafanya nini, naweza kuonyesha bati.

Drakeford ametangaza hagombei tena. Mei 2026 Wales inachagua bunge jipya la wajumbe 96 badala ya 60, sita kwa kila jimbo, na majimbo yenyewe yamechorwa upya. Na hili wengi wetu hatulijui: Mtanzania, Mkenya, Mganda anayeishi Wales kihalali anaruhusiwa kupiga kura ya Senedd hata kama hana pasi ya Uingereza. Mimi nimeshajiandikisha. Wagombea wameanza kugonga milango mtaani kwetu, na kila anayefika kwangu namuuliza swali moja kabla hajamaliza kujitambulisha: ile peni ya matunzo, utaiomba au hutaiomba? Wawili wamesema ni suala pana. Mmoja, binti mdogo sana, alikaa kwenye ngazi ya mlango akaniomba nimweleze tena habari ya Tredegar, akaandika.

Mzee atapiga kura kwa posta. Fomu yake tumeijaza pamoja juzi, nikiwa nimemshikia miwani.